Kilio cha Kuzima Muziki

“Nduguyo Mabior amekufa!”

Ninyi wasomaji mmelala na neno hilo wiki nzima, tangu sehemu iliyopita. Mama Athok hakupewa wiki. Alipewa muda wa beseni kuteleza kichwani tu, na samaki wa mto, waliokwisha kufa mara moja, wakafa tena mchangani mbele ya lango lake.

“Mabior yupi? Mabior wa mama yangu?”

“Huyo huyo, mama. Pole sana.”

Aliyesema hivyo ni Gatwech, mwenyekiti wa Kamati ya Utulivu ya mtaa wa Hai Malakal, kamati aliyoiunda mwenyewe na kujichagua mwenyewe bila mpinzani. Nyuma yake wanaume walikuwa wakisimamisha nguzo za hema katikati ya njia. Wanawake wawili ambao Mama Athok hakuwahi kuwaona walikuwa wamekaa chini, wakilia kwa sauti nzuri ya kupangwa.

Mabior, kitinda mimba wa mama yao! Yeye Mama Athok ndiye aliyemlea kambini Kakuma kwa uji wa mgao, akamfunza sala, akamfunga kidonda siku sufuria ya uji ilipomwagika na kumchoma mkono. Tangu amani isainiwe kijana alikuwa Kampala na Arua akihangaika na biashara zake. Simu yake ilikuja Krismasi na Pasaka, basi.

“Amefia wapi? Nani ameleta habari?”

Gatwech akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama hadi sikioni kwake. Kinywa chake kilinuka kama kinavyonuka kila Jumamosi.

“Usilie sana, Mama Athok. Hajafa kabisa.”

“Hajafa kabisa ni kufa gani?”

“Amekufa kwa ajili ya muziki.”

Mama Athok akainama, akaokota samaki mmoja kwa mkia, na wote walioona wanaapa kwamba mwenyekiti alirudi nyuma.

“Nieleze,” akasema. “Polepole. Nikiwa bado nimemshika huyu.”

Basi Gatwech akaeleza, na mimi nawaeleza ninyi ambao hamkai Juba. Huku kwetu mtu akifiwa, hema la bika, yaani la kilio, husimamishwa nje ya nyumba yake, watu wakaja kukaa msiba, na majirani wote wakazima muziki. Haiko kwenye karatasi ya serikali. Mdinka, Mnuer, Mbari, Mganda, anayesali Jumapili na anayesali Ijumaa, wote wanajua. Ukiona bika, unazima.

Na ukuta kwa ukuta na Mama Athok kulikuwa na baa iitwayo Paradiso. Aliyeipa jina hilo atajibu mwenyewe mbele ya Mungu. Spika zake zilielekezwa kwenye ua wa Mama Athok, kwa sababu zikielekezwa upande wa pili zingewapiga wanywaji wenyewe, nao hawakupenda kelele.

“Tumekwenda kwa polisi,” Gatwech akasema. “Walikuja, wakapewa viti, wakaagiza. Tumekwenda kwa wakubwa. Wakubwa ndio wateja. Sasa nimetumia akili. Bika ya Mabior ikiisha, atakufa shangazi yangu wa Malakal. Baadaye mjomba wa yule mwalimu, kule Australia. Vita vimetutawanya dunia nzima, mama. Jamaa wa kufa hawawezi kutuishia!”

“Na kwa nini mmeanza na wangu?”

“Kwa sababu wewe husemi uongo. Mtaa wote unajua. Ukikaa wewe pale mkekani, nani atauliza maswali?”

Ndivyo walivyouthamini ukweli wa mjane huyu. Waliutaka kama shuka safi, wafunikie uchafu wao.

“Gatwech mwanangu,” akasema Mama Athok, “nikimaliza kuokota samaki hawa, nisilione hema hili.”

“Mama...”

“Nimeanza kuokota.”

Hapo lango likafunguka, akatoka Athok, bintiye wa pekee, amembeba kitoto chake Amou begani. Athok alikulia Kenya, akarudi amani ilipokuja, na mumewe Yien akabaki Nairobi kazini. Tangu kitoto kizaliwe hakijalala usingizi wa maana. Kila spika ilipodunda, nacho kiliruka, mikono juu, kama kinaanguka kutoka mahali. Na Yien alikuwa ametoa neno kwa simu: kama hapo hapalaliki, mrudi Nairobi. Sanduku lilikuwa limefungwa. Basi lilikuwa la Jumatatu.

Mama Athok alipoteza mume na wana wawili kabla ya amani. Sasa amani ilikuwa inamchukulia waliobaki.

“Mathe, skiza,” Athok akamwambia mama yake kwa sauti ya chini.

“Nisikilize nini? Sisikii kitu.”

“Ndio hivyo. Hakuna kitu.”

Ilikuwa kweli. Spika za Paradiso zilikuwa zimenyamaza. Mchana kweupe wa Jumamosi, kwa mara ya kwanza tangu baa ile ifunguliwe, ungeweza kumsikia kuku wa jirani akiparura. Na juu ya bega la Athok, Amou alikuwa amelala kinywa wazi, mate yakimtiririka kama mlevi, Mungu anisamehe kwa mfano huo.

“Wacha tu hema likae, Mathe,” Athok akasema. “Siku hizi chache. Nikiona mtoi analala hivi, nampigia Yien, namwambia hatuendi popote. Naapa.”

Mama Athok akaangalia kile kitoto. Akaangalia hema. Akafumba macho, akafanya jambo ambalo hata ninyi mmelifanya, msijifanye watakatifu. Akajadiliana na Mungu.

“Nitakaa,” akamwambia Gatwech. “Lakini kinywa changu hakitasema kwamba Mabior amekufa.”

“Hata usiseme!” Gatwech akafurahi. “Kaa tu na uso huo huo.”

Akakaa.

Watu wakaja, na hakuna aliyeuliza maiti iko wapi. Nani angeuliza? Nusu yetu tumelia vilio vya namna hiyo. Mumewe Mama Athok mwenyewe alililiwa Kakuma chini ya plastiki ya wakimbizi, baada ya askari mmoja kupita na kusema, “Yule pia alianguka.” Hakuna kaburi hadi leo. Hilo ndilo Gatwech alilolijua. Aliyachukua majonzi yetu ya kweli, akayafanya kufuli la kufungia baa.

Mama Athok alilifikiria hilo pale mkekani, na uso wake ukawa mzito kuliko hata Kamati ilivyotaka.

“Anafanya vizuri,” mtu mmoja wa Kamati akanong’ona.

Kisha ukaja mnong’ono mwingine. “Anakuja! Yule wa baa anakuja!”

Watu wakajiweka tayari. Proscovia wa Paradiso, Mganda mwenye wigi jekundu, aliyesemwa kila nyumba kutoka Hai Malakal hadi Kator! Lazima amekuja kugomba. Lazima atauliza msiba utakwisha lini.

Alikuja bila wigi na bila viatu, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake alikuja Lubega, mtu wake wa muziki, amebeba mnara wa viti vya plastiki vya baa. Proscovia akafika mbele ya Mama Athok, akapiga magoti mchangani kama wanavyofanya kwao, akamshika mkono kwa mikono miwili.

“Nyabo, mama, pole. Pole sana. Mimi nasikia kilio, naambia Lubega, zima yote, hata jenereta zima. Ndugu ni ndugu. Mimi ilikufaga ndugu yangu kule Masaka, mimi najua.”

Mama Athok hakuwahi kumsalimu mwanamke yule. Walipokutana njiani alikuwa akitazama juu, kama anayetafuta mvua.

“Asante,” akasema. Lilikuwa neno la kweli la kwanza kusemwa chini ya hema lile.

“Mimi iko hapa. Unataka chai, unatuma mimi. Unataka maji, unatuma mimi.”

Hakuwa anasema tu. Lubega alirudi na makreti ya soda, na sukari, na sufuria kubwa ya kuchemshia pilipili ya mbuzi choma, imesuguliwa hadi inang’aa, ipikiwe chai. Mwenye baa akachuchumaa nyuma ya hema akaosha vikombe. Wanawake wa mtaa, waliokuja kulia, walibaki wamekaa kumtazama anavyoosha.

Na Kamati? Nisiambiwe nimewaonea. Nasema walivyofanya.

Walikalia viti vya Paradiso. Wakanywa soda za Paradiso. Kisha wakaanza kulalamika.

“Soda hii ni ya moto,” akasema mmoja.

“Jenereta imezimwa, mzee,” Lubega akajibu kwa adabu. “Iko msiba.”

“Ah. Sasa simu yangu niliacha hapo kwenu kuchaji.”

“Hata mimi.”

“Mimi nimeacha mbili.”

Kumbe mtaa mzima ulikuwa ukichaji simu kwenye ile ile jenereta waliyokuwa wakiilaani!

“Muziki ni dhambi, sawa,” akasema mzee mmoja baada ya kufikiri. “Lakini jenereta haikutukosea kitu. Huyu mama angezima muziki peke yake.”

Mwenyekiti Gatwech hakulalamika. Alizunguka nyuma kama anakwenda haja, akapitia uchochoro wa baa anaoujua kuliko mlango wa nyumba yake, na aliporudi alikuwa akijifuta povu kwenye sharubu.

“Msiba ni kazi ngumu,” akasema, akakaa.

Mama Athok aliona yote. Alijiambia, Amou analala. Alijiambia, siku chache tu. Alijiambia mengi.

Jua lilipoanza kulegea, baiskeli ikasimama. Alikuwa Gune, katekista kutoka Kator, mtu wa taratibu, suruali imebanwa kwa kibanio cha nguo, kitabu cha sala kwapani. Huyu hakujua lolote kuhusu Kamati. Huyu alikuwa amesikia tu kwamba mama wa kanisani kwake amefiwa, akaja.

“Mama Athok, Bwana akufariji. Tumwombee ndugu yetu kabla watu hawajatawanyika.”

Watu wakasimama. Kofia zikavuliwa. Hata Gatwech akainamisha kichwa, povu limebaki upande mmoja.

Gune akafungua kitabu. “Jina lake la ubatizo, mama?”

Mama Athok akaangalia kile kitabu. Kuomba uongo mbele ya Mungu! Lakini jina ni jina, akajiambia. Jina si uongo. Jina alibatizwa nalo kweli, mimi mwenyewe nilikuwepo.

“Fulgensio,” akasema. “Fulgensio Mabior.”

Nyuma ya hema trei nzima ya vikombe ikaanguka.

“Fulgensio gani?”

Watu wakageuka. Proscovia alikuwa amesimama, mikono inachuruzika maji.

“Nyabo, Fulgensio gani? Ile ilikaa Kakuma? Ile mrefu, iko na alama ya moto hapa?” Akajishika mkono wa kushoto, juu kidogo ya kiwiko.

Pale pale. Pale pale hasa Mama Athok alipokuwa akimfunga Mabior kitambaa, asubuhi na jioni, hadi kidonda kikafunga.

“Wewe umemjuaje ndugu yangu?”

Proscovia akaanguka chini, si kwa magoti safari hii, bali kifudifudi, kama nguo inayodondoka kutoka kwenye kamba.

“Bwana wangu! Maama, bwana wangu! Fulgensio, unaniacha na nani!”

Wale wanawake wawili wa kulipwa wakanyamaza. Walikuwa na aibu ya kazi yao, kwa sababu kilio cha mjane mtu hafundishwi. Kilipenya hema, kikapenya ua, na ndani ya nyumba Amou akaamka, akaanza kulia naye.

Gatwech alikuwa tayari sikioni kwa Mama Athok, anapumua kwa haraka.

“Nyamaza! Nyamaza, mama, hii ni bahati kutoka mbinguni! Kumbe baa ni mali ya bwana wake! Akijua bwana amekufa, atafunga baa, atarudi kwao Uganda. Kalas! Siyo siku chache, ni moja kwa moja! Athok wako habebi sanduku tena. Wewe usiseme kitu. Si ulisema kinywa chako hakitasema? Basi kisiseme!”

Mama Athok akamtazama bintiye langoni. Athok alikuwa amesikia. Macho yake yalikuwa yakimwomba mama.

Sasa, msomaji, wewe ungefanyaje? Hakuhitajiwa kusema uongo hata mmoja. Alihitajiwa kukaa tu. Bintiye angebaki, mjukuu angekulia mikononi mwake, angemfunza sala ile ile aliyomfunza Mabior. Bei yake ilikuwa mwanamke mmoja wa baa, kifudifudi mchangani, anaitafuna ardhi kama Mama Athok mwenyewe alivyoitafuna chini ya plastiki ya Kakuma.

Akasimama.

“Hajafa.”

“Mama,” Gune akasema kwa upole, “majonzi yana namna yake...”

“Si majonzi, katekista. Ndugu yangu ni mzima. Tumemuua sisi hapa langoni, mimi na Kamati, ili muziki uzimwe. Funga kitabu hicho kabla Mungu hajatusikia.”

Loo! Ungeona watu walivyokumbuka shughuli zao! Huyu aliacha maji jikoni, yule ana mgonjwa, yule mwingine ameitwa, ingawa hakuna aliyesikia akiitwa. Mzee wa simu mbili alikimbilia uchochoroni kuzidai.

Gune akamgeukia mwenyekiti. “Ni kweli haya?”

“Jambo hili,” akasema Gatwech, “lina pande nyingi.”

“Nakuuliza upande mmoja. Ni kweli?”

“Mama amechanganyikiwa na msiba.”

“Msiba upi?”

Gatwech akajifuta tena sharubu, ingawa povu lilikuwa limekauka.

Proscovia alikuwa ameinuka. Mchanga umemjaa mashavuni. Hakupiga mtu, hakutukana. Alitoa simu kifuani, akabonyeza, akaiweka sauti kubwa, akaishika mbele yake kama mshumaa. Ikaita. Ikaita. Ikaita.

“Prosi mpenzi!” ikapiga kelele simu, na nyuma yake mngurumo wa lori. “Mbona umenipigia mapema?”

“Wewe iko mzima?”

“Mzima kabisa! Tuko Sherikat, tumefika darajani, foleni tu ya kuingia mjini. Kwa nini unalia?”

Proscovia akamnyooshea Mama Athok simu kwa mkono wote.

“Chukua, nyabo. Ongea na maiti yako.”

Mama Athok akaipokea. “Mabior.”

“Dada?” Sauti ikawa ndogo, ikawa ya kule Kakuma, ikamwita kwa jina lake mwenyewe. “Dada Achok? Umepataje simu ya...”

“Baa hii ni ya nani?”

“Dada, nilitaka nikifika nikae nawe chini, nikuambie taratibu...”

“Ya nani?”

“Yangu. Yetu, mimi na Prosi. Sikujua watajenga karibu na wewe kiasi hicho. Kisha nikajua. Kisha nikaogopa.”

“Huyu mke wako ulimwambia nini kuhusu mimi?”

Proscovia alijibu kabla yake. “Anasemaga iko na dada mkali ya Mungu, mahali fulani huku. Hiyo jina Mabior mimi sijasikiaga. Anasema ngoja. Mimi nangoja!”

“Na kwenye lori umebeba nini?” akauliza Mama Athok.

“Spika, dada.” Hapo hata aibu haikuweza kumzuia. “Nne! Zile kubwa za uwanja! Na kuna mtu nimempa lifti kutoka Nimule mpakani, ni mtu wako, utafura...”

Simu ikazimika. Chaji ilikwisha. Jenereta, mnakumbuka, ilikuwa imezimwa kwa heshima ya marehemu.

“Ng’oeni hema!” Gatwech akapiga kelele. “Yala, haraka! Yule mtu akikuta tumemfanyia bika, ataua mtu! Ng’oeni!”

“Hema likae,” akasema Mama Athok.

“Mama, unataka vita?”

“Ulilisimamisha langoni kwangu bila kuniuliza. Langoni kwangu litakaa.” Akarudi mkekani, akasogea, akapiga kwa kiganja nafasi iliyo kando yake. “Wifi, njoo ukae.”

“Mimi niko na hasira na wewe, nyabo. Hasira mbaya.”

“Njoo nayo. Mkeka ni mpana.”

Proscovia akasita. Akaja. Akakaa na mgongo wake kwa Mama Athok, lakini alikaa. Gune naye akavuta kiti, akafunga kitabu chake, akasema hatoki hapo hata kwa mvua. Wale waliokuwa na maji jikoni wakaanza kurudi mmoja mmoja. Maji yao yalikuwa yamekwisha kuchemka.

Walilisikia lori kabla ya kuliona. Hapana. Walizisikia spika. Mabior alikuwa ameunganisha moja kwenye betri ya gari, ajitangaze mjini kama bwana harusi, na kila ilipodunda mabati ya Hai Malakal yalidunda nayo. Ndani, Amou alianza tena kupiga mayowe.

Lori likakata kona. Mabior akaona hema, na hapo, nakiri, alionyesha kwamba amelelewa. Akachomoa waya kwa mkono wake mwenyewe. Muziki ukakatika. Akashuka taratibu, akavua kofia, akakunja uso kwa huzuni, akampa mkono wa kwanza aliyemkuta, na aliyemkuta alikuwa Gatwech.

“Poleni, ndugu zangu. Nani amekufa?”

Mwenyekiti akaitazama sufuria ya chai kama hakuwahi kuona sufuria. Watu wote wakageuka mkekani.

“Wewe,” akasema Mama Athok. “Karibu. Leo ndiyo siku ya kwanza.”

Mabior akamwona dada yake. Akamwona mkewe. Akawaona wamekaa mkeka mmoja. Kidogo tena na yeye mwenyewe angeamini kwamba amekufa.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Hakumaliza.

Mlango wa pili wa lori ulikuwa umefunguka. Akashuka kijana mrefu, vumbi la njia nzima ya Nimule kichwani, na Athok langoni akaachia sauti.

“Yien!”

Ndiyo. Yien wa Nairobi. Hakungoja basi la Jumatatu limletee mke. Amekuja kumchukua mwenyewe. Alipomwona Mama Athok, akafanya kama adabu ya kwao inavyomtaka afanye mbele ya mama mkwe: akageuza uso upande mwingine, akasimama akitazama ua wa nyumba. Mkwe mwenye heshima hamtazami mama wa mkewe machoni, na mama mwenye heshima habishani na mkwe. Hivyo ndivyo Mama Athok alivyolelewa, na hivyo ndivyo alivyomlea Athok.

“Athok,” Yien akauambia ua, “chukua sanduku. Tangu Nimule nimekaa mbele ya hizo spika, hadi sasa meno yananiuma. Mwanangu hatalala karibu nazo hata siku moja. Lori likishusha mizigo linageuza. Tunaondoka nalo.”

Athok akaingia ndani. Akatoka, mtoto begani, sanduku mkononi. Akamtazama mama yake, na safari hii macho yake hayakuomba kitu. Yalikuwa yanaaga.

Mchana mmoja Mama Athok alikuwa amewaambia ukweli katekista, mwenye baa, ndugu yake na Kamati nzima. Katika Hai Malakal yote alibaki mtu mmoja tu ambaye yeye hakuwa na ruhusa ya kumwambia neno, mkwe wake.

Akainuka mkekani. Akafunga kitambaa chake vizuri kichwani. Akampita Mabior, akampita Gatwech, akaenda akasimama kati ya Yien na ua, mahali ambapo kijana hangeweza kutazama kitu kingine isipokuwa uso wake.

Wanawake wazee wakafunika macho.

“Yien,” akasema Mama Athok, “nitazame.”